Nyumba Tano za Wimbo

Lori la pareto lilikwama kwa mara ya tatu baada ya kupita Molo, na Peterson Karanja akashuka kusukuma pamoja na wenzake, sanduku lake la vyuma amelikumbatia kwa mkono mmoja.

"Fundi, weka hiyo sanduku chini!" dereva alimpigia kelele. "Haitatoroka."

"Ikilowa, mimi ndiye nitatoroka," Karanja akajibu, na watu wakacheka huku matope yakiwarukia hadi magotini.

Hakuwa amewahi kufika huku. Nakuru aliijua uchochoro kwa uchochoro: vumbi jeupe la ziwani, king'ora cha karakana ya reli, duka la Mhindi alikoanza kwa kufagia, akapandishwa kushona mifuko ya upepo ya vinanda vya kanisa, na mwishowe akakabidhiwa piano. Huku juu kulikuwa na ukungu, miti ya mitarakwa yenye ndevu za kijivu, na baridi iliyomnyima vidole vyake. Bila vidole hakuwa na kazi. Katika mfuko wa ndani wa koti alibeba pasi ya siku nne, iliyogongwa muhuri Jumanne hiyo na ambayo ingekwisha Ijumaa jioni. Mwaka huo wa 1957 Mkikuyu hakutoka Nakuru bila karatasi kama hiyo, na askari wawili njiani walikuwa wameisoma, mmoja wao ameigeuza juu chini, kabla ya kumwachilia. Barabara ile ile iliendelea mbele hadi Olenguruone, ambako shangazi yake Wariara alipakiwa kwenye lori na serikali, akafukuzwa, miaka saba iliyopita, mahindi yake yakabaki mabichi shambani. Karanja hakuwa na hamu ya kufika huko. Alitaka kufika Keringet, atengeneze piano ya mzungu, ageuze.

Mwenye piano aliitwa Memsab Kengele. Jina lake la kweli lilikuwa refu, na watu wa shamba hawakuona haja ya kulihangaikia. Alikuwa mjane aliyekuwa na kengele ya shaba mezani, nyingine kando ya kitanda, na ya tatu verandani, na zote zilifanya kazi kutwa. Alimpokea Karanja mlangoni, amevaa buti za ng'ombeni.

"Jambo, fundi. Piano yangu iko mgonjwa," alisema. "Dada yangu nakuja Jumamosi kutoka Ulaya. Yeye iko mwalimu ya piano. Wewe sikia? Mwalimu! Fundi mzungu ya Nairobi alikuja mwezi ya tano, akasema itakaa mwaka mzima. Sasa iko mwezi ya tisa, na inalia kama paka."

"Nitaangalia, memsab."

"Wewe angalia mzuri. Kama iko baridi, basi, hiyo kazi ya Mungu. Lakini kama iko mkono ya mtu," akainua kidole, akageuka ili sauti ifike jikoni na uani, "huyo mtu natoka shamba yangu siku hiyo hiyo. Yeye na ng'ombe yake na watoto yake. Mimi nasema mbele ya watu yote."

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, kitambaa cheupe kichwani, amebeba sinia la chai. Karanja alimtazama kwa sababu ya sinia. Vikombe vinne na vijiko vyake, sakafu ya mbao inayocheza, na hakuna kilichogongana na kingine. Mtu wa kawaida hubeba vyombo kwa mikono. Huyu alivibeba kwa masikio.

"Jepkoech, weka hapo," Memsab akasema, na akaenda zake kwa ng'ombe.

Karanja alifungua piano kifua wazi, akawasha taa ya mkono, akaanza kuuliza vibao kimoja kimoja. Piano ina vibao vyeupe saba na vyeusi vitano, halafu vinajirudia, saba na vitano, kutoka ngurumo za kushoto hadi vikengele vya kulia. Vyeupe vilikuwa vizima. Vimelegea kidogo tu, kama chombo chochote cha mlimani. Akafika vyeusi vya katikati, akagonga, akakunja uso. Akarudia. Cha kwanza sawa, cha pili sawa, cha tatu kimeteremka kidogo, cha nne sawa, cha tano kimeteremka sana. Akaenda kwenye kundi la jirani. Hivyo hivyo, cha tatu kidogo, cha tano sana.

Baridi haichagui rangi. Hilo lilimshtua, lakini bado lilikuwa jambo dogo. Kila kibao hupiga nyuzi tatu kwa pamoja, na hewa mbaya ikizilegeza, kila uzi hulegea kivyake, sauti ikatetemeka kama taa kwenye upepo. Karanja akainama, akagonga kile cha tano, akasubiri mtetemo. Haukuja. Nyuzi tatu zilisema neno moja kwa mdomo mmoja, mpaka zikanyamaza pamoja.

Akajikuta ameketi chini sakafuni. Kulikuwa na fundi ndani ya nyumba hii. Hakuwa mwizi wala mtoto mtundu wala panya. Alikuwa mtu mwenye sikio kuliko lake, maana hata yeye Karanja, baada ya miaka kumi na miwili, hakupatanisha nyuzi tatu kwa usafi huo kila mara. Akamulika misumari inayoshika nyuzi. Ilikuwa na mikwaruzo ya chuma kisichokuwa cha piano. Na katikati ya nyuzi, mahali fundi hupachika kitambaa ili asikie uzi mmoja akiwa amenyamazisha wenzake, palinaswa unyuzi wa sufu. Mwekundu.

Jepkoech alirudi kuchukua vyombo.

"Mama," Karanja akamwita kwa sauti ya chini, unyuzi ukiwa kwenye kiganja. "Blanketi yako ni ya rangi gani?"

Alitazama kiganja, halafu akamtazama yeye. "Nyekundu."

"Ulitumia chuma gani?"

Mwanamke akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa ufunguo mdogo wa mraba wa kufungulia bomba la tangi la maji. Akauweka juu ya piano taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Unajua memsab amesema nini?"

"Nilikuwa nimesimama hapo hapo, fundi. Mimi si kiziwi."

"Hilo nimeshaliona," Karanja akasema. "Nani alikufundisha? Baba yako alikuwa na piano?"

Jepkoech akafunika mdomo, akacheka mpaka mabega yakacheza. "Baba yangu! Baba yangu alikuwa na mbuzi, fundi."

Kisha akafunga mlango wa jikoni na kumweleza, huku akipangusa kiti kile kile kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa hadithi.

Baba yake alipiga kibugandet, kinubi cha Wakipsigis cha nyuzi tano, na watu walimfuata kutoka mashamba ya mbali. Vidole vyake vilipokakamaa kwa ugonjwa wa viungo, alibaki anaweza kugusa nyuzi lakini hawezi kuzikaza. Watoto wa kiume walikuwa shuleni misheni. Basi akamwita binti, ambaye kwa desturi asingekishika kinubi mbele ya watu, akamwambia: kaza hapa, legeza pale, bado, bado, hapo. Tangu akiwa na miaka saba hadi alipoolewa, Jepkoech ndiye aliyekaza nyuzi za baba yake. Hakupiga hata wimbo mmoja mbele ya watu. Kazi yake ilikuwa kujua "hapo" ni wapi.

Mzee akafa. Kaka yake akaokoka, na siku ya ubatizo wake akakitia kinubi motoni mbele ya kanisa zima.

"Ulikasirika?"

"Alikuwa na furaha sana siku hiyo. Ningekasirikia mtu mwenye furaha?" Akahamia mguu mwingine wa kiti. "Lakini nilipoteza ile 'hapo' ya baba. Unaelewa? Nilikuwa nikilala naitafuta, siipati. Bwana yangu akafa, nikaja huku, nikapewa kazi ya nyumba, ng'ombe wangu wanne wakapewa majani. Miaka kumi na moja napangusa hii meza ya kelele. Siku moja kitambaa kikateleza kwa hizi nyeusi, moja, mbili, tatu, nne, tano." Akakikunja kitambaa alichoshika. "Fundi, nilianguka. Mpishi akafikiri ni kifafa. Baba yangu alikuwa ndani ya piano ya mzungu."

Karanja akavitazama vile vibao. Vibao vyeusi ni vitano. Alijua hivyo tangu siku ya kwanza dukani, kama unavyojua ng'ombe ana miguu minne. Hakuwahi kujiuliza kama vile vitano peke yao ni kitu kizima, nyumba yenye mlango wake, na kwamba watu wameishi humo na kuzeeka humo bila kuhitaji vile saba.

"Lakini hakuwa yeye kabisa," Jepkoech akaendelea. "Ya tatu na ya tano zilikuwa juu mno. Kama mtu unamjua, lakini amevaa viatu vya mtu mwingine, anatembea vibaya. Siku memsab anaenda Molo, mimi namvua viatu."

"Nionyeshe."

Alisikiliza kwanza kama kuna buti verandani. Kisha akasimama mbele ya piano, hakuketi, na kwa vidole viwili akapiga wimbo mfupi juu ya vile vyeusi, ukapanda na kushuka na kutulia juu ya kibao cha kwanza.

"Hapa ng'ombe wamerudi wote," akasema.

Akapiga tena. Karanja alihesabu, ni sauti zile zile tano, hakuna iliyoongezwa, hakuna iliyopunguzwa. Lakini safari hii wimbo uliizunguka sauti ya tano, ukaiacha, ukairudia, ukatulia hapo, ukawa wimbo mwingine.

"Hapa kuna mtu amekosekana," Jepkoech akasema. "Hesabu ng'ombe, wako. Hesabu watu, hapana."

"Mama, umefanya nini? Hujabadilisha kitu!"

"Nimebadilisha pa kulala." Alimtazama kwa mshangao wa kweli, kwamba fundi aliyetoka Nakuru na sanduku zima la vyuma analiuliza hilo. "Nyumba ni tano, fundi. Wimbo unatembelea zote, unasalimia zote, lakini unalala kwa moja. Ukilala ya kwanza, ni wa kurudi nyumbani. Ya pili, watu bado wako njiani. Ya nne, watu wanakunywa na kubishana. Ya tano nimekwambia. Baba alikuwa anauliza hilo tu nikishakaza. Leo unalala wapi?"

"Na ya tatu?"

"Ya tatu hailaliwi."

"Kwa nini?"

"Alisema hailaliwi tu. Anapita hapo haraka, kama kwa jirani mmenuniana."

Karanja akasogea karibu, sasa amesahau Memsab, pasi, na Jumamosi. Fundi wa piano hukaza nyuzi kwa kuoanisha. Kila sauti ina mwenzake wa juu anayeweza kusimama naye bila kutetemeka, na kazi yake nzima ilikuwa kuwatafutia wenzao. Akaanza kugonga vile vyeusi viwili viwili. Cha kwanza kilimpata mwenzake, ni cha nne. Cha pili kilimpata, ni cha tano. Cha nne kikampata cha pili. Cha tano kikampata cha tatu. Akabaki na cha tatu chenyewe. Akapanda nacho, akatafuta, akafika mahali mwenzake alipopaswa kuwa, na hapo palikuwa na kibao cheupe. Ndani ya wale watano, hakuwepo.

"Haina wa kuegemea," akanong'ona. "Zote zina nguzo, mama. Hii peke yake haina. Ukilala hapa, nyumba inakaa kama itaanguka."

Jepkoech akaacha kupangusa. Akagonga kile cha tatu mara moja, akakisikiliza mpaka kikaisha.

"Kumbe," akasema. "Miaka yote hiyo. Kumbe ni hivyo."

Walisimama pale, wote wawili wameshtuka, kila mmoja kwa alichopewa na mwenzake.

Halafu kazi ikabaki kuwa kazi. Karanja alimwambia atakalosema: ni ukungu, umeingia kwenye nyuzi fupi. Uongo huo ungesimama. Lakini ili usimame, ilibidi arudishe ile ya tatu na ya tano zilipokuwa.

"Najua," Jepkoech akasema. "Nina ng'ombe wanne na binti, Chepkorir, yuko darasa la tano. Rudisha."

Hakutoka chumbani. Karanja alipoanza kuukaza uzi wa kwanza wa ile ya tano, sauti ikipanda kidogo kidogo, alimwona ameshika kitambaa cha kupangusia kwa mikono miwili. Hakulia. Ilipofika juu ilipotakiwa, alisema tu, "Amevaa viatu tena," akachukua ufunguo wake na sinia, na safari hii vikombe viligongana.

Siku ya pili saa sita vibao vyeusi vilikuwa tayari. Memsab akaja kusikiliza.

"Iko nini?"

"Ukungu, memsab. Umeingia kwa nyuzi fupi. Hakuna mkono wa mtu."

"Mzuri. Mzuri sana." Uso wake ukalegea, akaonekana mtu aliyekuwa akiogopa jibu lingine. Akaita jikoni kwamba hakuna kesi, watu wafanye kazi. Akaketi kitini. "Sasa piga kitu. Mimi nataka sikia."

Kila fundi ana kitu chake cha kujaribia. Karanja alikuwa na wimbo wa kanisa, ule ule tangu enzi za vinanda, na vidole vyake viliupiga bila kumuuliza. Aliweka mikono. Lakini kichwa chake kilikuwa hakijalala usiku mzima, kikizunguka nyumba tano, kikijaribu kuingia kwenye ile ya tatu. Na vidole vilikwenda kichwa kilipokuwa. Alikuwa ameshafika katikati ya wimbo wa Jepkoech kabla hajajua ni nini anachopiga. Akili ikamwambia acha, na sikio likamwambia ngoja, tusikie ukilala pale itakuwaje. Akautua juu ya kibao cha tatu.

Ukakaa hapo. Haukuanguka, haukutulia.

Alipogeuka, Memsab Kengele alikuwa amesimama, mweupe kuliko kitambaa cha meza.

"Hiyo wimbo. Wewe jua wapi?"

"Nimeusikia njiani, memsab. Wachungaji..."

"Hapana! Mwezi ya saba mimi ilikuwa mgonjwa sana. Kitandani, homa. Mimi nasikia hiyo wimbo kwa hii ukuta, mchana, pole pole. Mimi nafikiri nakufa. Mimi nafikiri iko malaika." Akaunyooshea ukuta kidole. "Mimi ambia daktari! Yeye cheka. Sasa wewe, Mkikuyu ya Nakuru, wewe nakuja na malaika yangu na hadithi ya ukungu? Lete pasi yako hapa."

Karanja akatia mkono ndani ya koti. Vidole vilikuwa vimekufa tena, kama kule kwenye lori.

"Mwache, memsab," Jepkoech akasema kutoka mlangoni. "Malaika ni mimi."

Akaja mpaka katikati ya chumba, akatoa ufunguo wa tangi, akauweka mezani kando ya kengele.

"Wewe?" Memsab aliuchukua, akautazama, akatazama piano iliyo wazi, akaketi kama aliyesukumwa. "Miaka kumi na moja. Na fungua ya tangi?"

"Ndiyo, memsab."

Memsab aliugeuzageuza ufunguo mkononi. Karanja alimwona anatafuta njia ya kutokea, na alimwona anavyoikosa. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni. Mtu wa ng'ombe alikuwa dirishani. Walikuwapo wote siku ile kidole kilipoinuliwa, wakasikia "siku hiyo hiyo" na "mbele ya watu yote".

"Saa kumi," akasema mwishowe, akiuangalia mkono wake. "Chukua ng'ombe yako."

"Memsab, kosa ni langu," Karanja akaanza.

"Wewe kaa kimya. Nyeupe bado. Wewe kaa mpaka Ijumaa, maliza kazi."

Saa kumi Karanja alikuwa amepiga magoti mbele ya piano, ufunguo wake juu ya msumari, anatazama dirishani. Jepkoech alipita kando ya ua na ng'ombe wake wanne, Chepkorir mbele na sufuria kichwani, blanketi nyekundu imefungwa mgongoni mwa mama. Walikuwa wakienda kwa kaka yake, yule wa kinubi, ng'ambo ya Olenguruone. Karanja alifungua dirisha. Alitaka kuomba msamaha.

Jepkoech alisimama. "Umelala pale," akamwambia.

"Sikukusudia, mama."

"Nilisikia nikiwa jikoni. Baba alidanganya. Panalalika." Akampiga ng'ombe wa nyuma begani kwa fimbo. "Ni baridi tu."

Akaenda. Mahali barabara inapoingia kwenye mitarakwa ndipo alipoanza kuimba, si kwa sauti kubwa, na ya tatu na ya tano zikiwa chini kule zinakotakiwa kuwa. Karanja aliufuata wimbo ukitembelea nyumba zote, ukisalimia, hadi ukafika ile isiyo na nguzo na kubaki hapo. Alingoja uondoke. Ukungu ukaziba barabara, na haukuwa umeondoka.

Nyuma yake Memsab alikuwa ameketi vile vile, ufunguo wa tangi mapajani. Saa ya ukutani ilipogonga, akanyoosha mkono, akapiga kengele ya chai kama alivyozoea, na wote wawili wakageuka kuutazama mlango wa jikoni.